Picha za Viumbe Wadogo kwa Mali Chache: Mhadhara kwa Watu wa Gazi



Nimepewa heshima ya kusema juu ya upigaji wa picha za karibu, yaani zile picha ambazo ndani yake siafu huonekana na vinyweleo vya miguu yake, punje ya chumvi iliyo juu ya jani huonekana na pembe zake, na jicho la kaa, lililo dogo mno, huijaza karatasi nzima. Watu wengi wazionao picha hizo katika vitabu vya ng'ambo hudhani kuwa ni kazi ya matajiri, kwa sababu lenzi iliyoundwa makhsusi kwa kazi hiyo huuzwa kwa bei ambayo mvuvi, au mwalimu wa shule ya msingi, hawezi kuitoa bila ya kuwanyima watoto wake haki yao. Dhana hiyo ndiyo nitakayo kuivunja leo. Dai langu ni kwamba fedha ni sehemu ndogo ya sanaa hii, na kwamba sehemu iliyo kubwa, ambayo ni kujua mahali, kujua wakati na kuweza kungoja, watu wa ghuba hii ya Gazi wamekwisha kuirithi. Na kwa kuwa wameirithi, ni juu yao, kabla ya mgeni yeyote, kuwapiga picha na kuwaandika viumbe wadogo wa mikoko yao.

Tuanze na asili ya jambo. Mwanachuoni al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Misri karibu na mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir, na humo akabainisha ya kuwa jicho haliangazi vitu kwa nuru itokayo ndani yake, kama walivyodhani wengi waliomtangulia, bali nuru hutoka katika vitu ikaingia jichoni. Alichunguza pia namna nuru ipitavyo katika tundu dogo ikaingia katika chumba cha giza na kuchora ukutani sura ya kilicho nje. Kamera zote, tangu zile za masanduku ya mbao hata hizi zilizomo ndani ya simu zenu, ni chumba hicho cha giza kilichopunguzwa ukubwa na kutiwa kioo tunduni. Mwenye kuelewa hayo huacha kuiogopa kamera, na aachaye kuiogopa huanza kuuliza nini kiongezwe, nini kisogezwe na nini kigeuzwe ili ifanye lile ambalo mwenye kiwanda hakulikusudia.

Wala si jambo jipya kwa mtu wa mali chache kuona yasiyoonwa na wakubwa. Antonie van Leeuwenhoek, wa mji wa Delft katika Uholanzi, alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na hakupata elimu ya chuo kikuu. Alisugua vipande vya kioo kwa mikono yake mwenyewe mpaka vikawa lenzi ndogo mno, akavitia katika vibamba vya madini, na kwa vyombo hivyo akaona katika maji viumbe ambavyo hapana mwanadamu aliyepata kuvieleza kabla yake, akaeleza habari zake katika barua maarufu kwa Royal Society ya London mwaka 1676. Na hapa kwetu pwani, Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993, alijifundisha mwenyewe kazi ya picha, na katika studio yake ndogo akaunganisha picha kwa mkasi na kwa ustadi wa chumba cha giza, akatoa taswira ambazo leo wataalamu wa sanaa wa Ulaya huandika juu yake. Watu hawa wawili, walioachana kwa karne tatu na kwa bahari nyingi, walishirikiana katika jambo moja: hawakungoja wapate vyombo bora ndipo waanze.

Sasa niingie katika kazi yenyewe. Jicho la mtu mzima huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 25 hivi, na kikisogezwa karibu zaidi hufifia. Na lenzi ya kamera ina mpaka wake vilevile, kwani ukiisogeza karibu mno na mdudu, picha huwa ukungu mtupu. Njia za kuuvunja mpaka huo ni mbili tu, na hila zote mtakazozisikia ni matawi ya njia hizo mbili. Ya kwanza ni kuweka kioo cha kukuzia mbele ya lenzi. Ya pili ni kuiweka lenzi mbali zaidi na mahali nuru inapopokelewa ndani ya kamera.

Njia ya kwanza ndiyo rahisi, na ndiyo imfaayo mwenye simu. Kioo cha fundi wa saa, kioo cha mbele cha darubini iliyovunjika, hata kioo kidogo kilichomo ndani ya mashine mbovu ya kuchezea diski, kila kimoja chaweza kushikizwa mbele ya lenzi ya simu kwa utepe wa gundi au kwa kipande cha kadibodi kilichotobolewa tundu. Kabla ya kukitumia, kipime nguvu zake, na kipimo hiki kila mwanafunzi wa Gazi aweza kukifanya bila ya kununua kitu: simama ndani ya nyumba mkabala wa dirisha, weka karatasi nyeupe nyuma ya kioo, ukisogeze mbele na nyuma mpaka sura ya mnazi ulio nje ichoreke wazi juu ya karatasi, kisha pima kwa rula umbali uliopo baina ya kioo na karatasi. Ikiwa umbali huo ni sentimita 10, basi mdudu wako atatakiwa awe sentimita 10 hivi mbele ya kioo. Ikiwa ni sentimita 3, umsogelee mpaka sentimita 3. Kadiri umbali unavyokuwa mfupi ndivyo kukuza kunavyozidi, na ndivyo pia kazi inavyokuwa ngumu, kwa sababu mkono ukitikisika kidogo tu mdudu hutoka katika uwanja wa picha. Kwa hiyo mwanzilishi asikimbilie kioo chenye nguvu nyingi. Cha sentimita 8 au 10 kitamfundisha mengi kabla hajahitaji kingine.

Iko hata njia isiyotaka kioo chochote. Tone moja la maji matamu yaliyo safi, likiwekwa kwa ncha ya kijiti juu ya lenzi ya simu na simu ikageuzwa taratibu ili tone lining'inie, huwa ni lenzi kamili, kwa kuwa maji huupinda mwanga kama kioo kiupindavyo. Picha yake haina ukamilifu pembeni, na tone hukauka au kuanguka upesi, lakini kwa mtoto wa shule aonaye kwa mara ya kwanza mishipa ya jani ikiwa mikubwa kama njia za mji, hapana somo lililo bora kuliko hilo. Sharti moja tu: yasiwe maji ya bahari, maana chumvi huharibu.

Njia ya pili ni ya mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha, na kamera hizo zilizokwisha kutumika hupatikana Mombasa kwa bei iliyo nafuu. Mirija mitupu, isiyo na kioo ndani, hutiwa baina ya kamera na lenzi ili kuisogeza lenzi mbele. Na hesabu yake ni nyepesi, kwani lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele kwa milimita 25 hutoa sura iliyo nusu ya ukubwa wa kitu chenyewe, na ikisogezwa kwa milimita 50 hutoa sura iliyo sawa na kitu, kadiri ambayo wapiga picha huiita moja kwa moja. Kwa kuwa mirija hiyo haina kioo, ya bei ndogo haishindwi na ya bei kubwa kwa uzuri wa picha. Tafauti yake ni kwamba ile ya bei kubwa huipelekea lenzi umeme wa kuendesha tundu lake.

Na iko hila ya kuigeuza lenzi nyuma mbele, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kwa mtu asiye na kitu. Lenzi ya zamani ya milimita 50, iliyogeuzwa na kufungwa kwa pete ya kugeuzia, hutoa sura iliyokaribia ukubwa wa kitu chenyewe. Ya milimita 28 hutoa iliyo kubwa maradufu. Ilhali mdudu hubaki sentimita nne au tano mbele ya lenzi, nafasi inayotosha kuingiza nuru. Chagueni lenzi kuukuu yenye pete ya kufungulia na kufungia tundu kwa mkono, kwani lenzi mpya zikigeuzwa huwa hazipati amri kutoka kwa kamera. Lenzi hizo kuukuu watu wengi huziona takataka, na hiyo ni bahati ya mwenye kuzijua.

Baada ya chombo huja taabu mbili, nazo humkuta tajiri sawasawa na maskini. Ya kwanza ni uembamba wa mahali panapoonekana wazi. Katika kadiri ya moja kwa moja, hata tundu la lenzi likifungwa vya kutosha, unene wa sehemu iliyo wazi katika picha hauzidi milimita moja hivi. Kwa hiyo jicho la kaa likiwa wazi, gando lake litakuwa ukungu. Mwenye hekima huchagua: huuweka ubavu wa kiumbe sambamba na uso wa kamera, au huridhika na jicho peke yake, maana picha ya kiumbe ambaye jicho lake liko wazi husamehewa mengine. Asitafute uwazi kwa kuizungusha pete ya lenzi, bali aiache pete ilipo na autikise mwili wake mwenyewe, mbele kidogo na nyuma kidogo, akibonyeza pale jicho linapong'aa. Simu hapa ina fadhila yake, kwa kuwa lenzi yake fupi na kipokea nuru chake kidogo huacha sehemu kubwa zaidi ikiwa wazi kuliko kamera kubwa. Na hili ni jambo ambalo wauzaji wa kamera hawalitangazi.

Taabu ya pili ni uchache wa nuru. Lenzi ikisogezwa mbele mpaka kadiri ya moja kwa moja, nuru ifikayo ndani ni robo tu ya ile ya kawaida, na tundu likifungwa hupungua tena. Hata hivyo jua la pwani likipiga wima adhuhuri si rafiki, kwani huacha weupe unaochoma upande mmoja na weusi wa usiku upande wa pili. Dawa yake ni karatasi nyeupe ya kuandikia, au kipande cha galoni jeupe la plastiki, kishikwe baina ya jua na kiumbe ili kiilainishe nuru. Na upande wa kivuli uwekwe karatasi ya fedha itokayo katika paketi ya biskuti, nayo itarudisha nuru mahali palipokosa. Mwenye taa ya kamera na aifunike kwa karatasi hiyohiyo nyeupe, na tafauti ataiona katika picha ya kwanza.

Nimekwisha kusema vya kutosha juu ya vyombo. Yaliyobaki ndiyo yenye uzito, na katika hayo mwalimu wa kweli ni ninyi. Mgeni atokaye Nairobi au Brussels na lenzi ya thamani hajui ya kuwa upepo wa umande utokao bara alfajiri ni mwepesi, na kwamba kusi ikishika jani halitulii tena. Hajui ya kuwa siku za bamvua maji hupwa sana kabla ya adhuhuri na kaa wakatoka mashimoni. Hajui ya kuwa ukisimama bila ya kujongea na kivuli chako kikaanguka nyuma yako, kaa aliyejificha atarudi. Mvuvi wa Gazi ayajua hayo tangu utotoni, na kila mojawapo lina thamani kuliko mirija na pete zote nilizozitaja.

Na tazameni ni hazina gani iliyo mbele yenu. Kenya ina aina tisa za mikoko, na hapa hatua chache kutoka nyumbani mwenu mwapata mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi. Jani la mchu huitoa chumvi kwa vinyweo vyake, ikakauka juu yake punje punje. Lipigeni picha jua linapokausha, nanyi mtawaonyesha watoto kwa macho jinsi mti uishivyo katika maji ambayo muhogo ungekufa. Mizizi ya mkoko ina vitundu vidogo vya kupitishia hewa, navyo vikionekana kwa ukubwa hueleza kwa nini mzizi ukizikwa na mchanga mwingi mti hudhoofika. Wako kaa dume wadogo wenye gando moja kubwa na jingine dogo. Wako samaki warukao juu ya matope, wenye macho yaliyotokeza juu ya kichwa. Wako konokono wapandao mashina maji yanapojaa. Na juu ya miembe na mikorosho wako majimoto, wanaoshona majani kwa nyuzi zitokazo kwa wana wao wachanga, kazi ambayo ukiikuza huwezi kuyaamini macho yako. Majimoto wakaribieni kwa adabu, maana huuma, na haki ni yao.

Maneno haya sikuyaleta hapa kwa starehe tu. Miti ya ghuba hii ilikatwa sana katika miaka ya 1970 ili iwe kuni za viwanda, na tangu mwanzo wa miaka ya 1990 imekuwa ikipandwa tena, kazi ambayo Daktari James Kairo na wenzake wa taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, KMFRI, wameifanya pamoja na wanakijiji. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 kwa kuhifadhi hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayofungwa na miti hiyo, ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017, na mapato yake yameleta maji na vitabu vya shule. Dunia imekuja kujifunza Gazi jinsi ya kuuhesabu mkoko. Lakini mti hauishi peke yake: kaa ndio wavutao majani kuyapeleka mashimoni na kuipitisha hewa matopeni, na wako wadudu watoboao matawi ya mlilana, ambao wataalamu wamewachunguza katika ghuba hii hii, na kazi yao huanza kwa tundu dogo na ungaunga wa mti kabla tawi halijakauka. Mama apitaye juu ya daraja la mbao la mikokoni kila siku, mwenye simu na kioo cha fundi wa saa, aweza kulipiga picha tundu hilo miezi mingi kabla mtafiti hajafika. Hapo picha haiwi pambo. Huwa ni ushahidi.

Kwa sababu hiyo naomba picha zenu ziwe na adabu ya ushahidi. Wekeni kando ya kiumbe kipande cha rula, angalau katika picha moja, ili ukubwa wake ujulikane. Andikeni tarehe, saa, hali ya maji, mti aliokuwapo, na jina lake kwa Kidigo na kwa Kiswahili kama wazee walijuavyo. Na pale wazee wasipoafikiana, andikeni majina yote mawili. Msimng'oe kiumbe, msimbandike, wala msimtie katika baridi ili atulie, kwa maana picha iliyopatikana kwa kumwumiza huongopa juu ya maisha yake. Msikanyage mizizi ya mchu itokezayo matopeni. Mwenye mtandao na apeleke picha zake iNaturalist, daftari la viumbe la dunia nzima lililoanzishwa Marekani mwaka 2008, ambako wajuzi humsaidia mtu kulipata jina la kitaalamu bila ya malipo.

Na vyombo vyenu vitunzeni, kwa kuwa hewa ya chumvi na unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, na lenzi iliyokwisha kuota ukungu ni vigumu kuiponya. Kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, ndani yake mkatia vile vijifuko vya kukausha vipatikanavyo katika maboksi ya viatu, hutosha kuihifadhi kamera miaka mingi. Na mtokapo matopeni, kifuteni chombo kwa kitambaa kilicholowa maji matamu kidogo, kisha kwa kikavu.

Hukumu yangu basi ni hii. Katika sanaa ya picha za karibu, mwenye lenzi ya thamani asiyekijua kiumbe atashindwa na mwenye kioo kibovu akijuaye; na hapana mahali hapa pwani ambapo watu wanavijua viumbe vyao, na wamekwisha kuonyesha kuwa waweza kuvilinda, zaidi ya hapa. Kwa miaka mingi picha na majina ya viumbe wa Gazi vimeandikwa katika vitabu vilivyochapwa mbali, kwa lugha ambazo wengi wenu hamzisomi. Nawasihi walimu waanzishe katika kila shule ya Gazi na ya kijiji jirani cha Makongeni daftari moja la picha za viumbe wadogo wa ghuba, lenye majina yetu, likae shuleni, na kila darasa liongeze kurasa zake kabla ya kuondoka. Kioo cha fundi wa saa, karatasi nyeupe na simu moja vinatosha kulianza wiki hii.